Boti ya faiba ikiwa nzito, angalia kwanza chini ya deki

Jamani wenye boti za faiba, hasa hizi ndogo zenye deki na vyumba vya hewa vilivyofungwa mbele na pembeni, leo nataka tuongee habari ya maji kukaa ndani ya hivyo vyumba, maana naona watu wanaichukulia kidogo sana na inanitia wasiwasi. Mtu anakwambia boti yangu siku hizi haikimbii, mashine imechoka, anaipeleka kwa fundi, plagi zinabadilishwa, kabureta inasafishwa, anarudi baharini bado ileile. Kumbe mashine ni nzima, maji yamejaa chini ya deki.

Kwenye ngalawa au mashua maji unayaona. Yanakusanyika ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, mtu anashika upo (kata ya kutolea maji) anafua, safari inaendelea. Faiba imetupunguzia kazi ya kalafati (kuziba nyufa za mbao kwa pamba) na kupaka sifa (mafuta ya papa) lakini maji imeyaficha, na vile vyumba vimewekwa ili boti ikijaa maji isizame, sasa vyenyewe vikijaa boti haina cha kuibeba tena na wewe hujui mpaka siku mbaya. Lita 150 za maji ya bahari zinapita kilo 150, na hazitulii, boti ikilalia kulia nazo zinakimbilia kulia, ni sawa na kubeba watu wawili wanaohama kila wimbi linapopiga. Kipindi cha upepo wa kusi, ukiwa nje ya miamba, huko ndo kupinduka kwenyewe.

Swali naloulizwa sana ni hili, chumba kimezibwa kote, maji yanapita wapi? Jibu ni hewa. Boti inashinda juani juu ya mchanga, hewa ya ndani inapata moto inatanuka na kujipenyeza nje kwenye kitundu chochote, jioni unaishusha majini, faiba inapoa ghafla na hewa iliyobaki inasinyaa, basi chumba kinaanza kunyonya. Chukua chumba cha lita 200, hewa ikishuka kutoka nyuzi 45 mpaka 27 inasinyaa kama lita 11 hivi, sasa kama kitundu kiko chini ya maji badala ya hewa kurudi yanaingia maji, na kesho tena, na keshokutwa tena. Kwa hiyo tundu la skrubu tu ambalo hulioni kwa macho linaweza kukujazia chumba bila boti kugonga mwamba wala kupasuka popote. Ndo maana mi sikubaliani kabisa na mafundi wanaofunga chumba moja kwa moja bila mfuniko wala kizibo wakasema hiki hakiguswi tena. Kila chumba lazima kifunguke, kionekane ndani na kikaushwe, kisichofunguka kikiingia maji utakuja kukikata kwa grainda.

Ukishaipandisha nchi kavu, nyanyua omo, yaani mbele, ili maji yote yarudi shetri, yaani nyuma, fungua vizibo, na kabla hayajaisha kinga kidogo uonje kwa ncha ya ulimi (kama yananuka petroli usionje). Yakiwa ya chumvi kali tafuta chini, kwenye mkuku (uti wa chini wa boti) pale boti inapokwaruzwa ikiburutwa, au kwenye uzi wa kizibo (yale meno ya kukazia). Yakiwa karibu na tamu ni mvua, angalia juu, skrubu za taa, vyuma vya kufungia kamba, na ule mshono deki inapokutana na bodi. Halafu paka maji ya sabuni sehemu zote unazozishuku, ingiza bomba la mpira kwenye tundu la kizibo, zungushia kitambaa usivujishe, puliza kwa mdomo tu, povu litakuonyesha. Usilete kompresa ya matairi tafadhali, ile nguvu inafumua mshono uliokuwa mzima.

Kabla ya kuziba osha ndani kwa maji baridi ya bomba, chumvi ikibaki inavuta unyevu na faiba mpya haishiki kwenye unyevu, acha ikauke siku kadhaa vifuniko vikiwa wazi, piga msasa, futa kwa asetoni, ndo uweke mati (kitambaa cha nyuzi za faiba) na resini (gundi yake ya maji inayoganda). Skrubu zing'oe zote uzirudishie na Sikaflex au gundi nyingine ya aina hiyo ya baharini. Silikoni ya madirishani achana nayo, haishiki vizuri kwenye faiba na mabaki yake yanazuia resini na rangi kukamata baadae. Skrubu ziwe stenlesi 316, zile 304 chumvi inazila mapema.

Na mashine ikiwa na tenki la petroli karibu na chumba uwe mwangalifu zaidi, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini na kutulia humo humo. Fungua, acha upepo upite, usiwashe sigara wala pampu ya umeme mpaka harufu iishe kabisa.

Kuna boti zimejazwa fomu (lile povu gumu la kuelea) ndani ya vyumba, watu wanaamini fomu hailowi. Inalowa, ikikaa na maji miaka inakunywa polepole, na ikishalowa kuikausha humo ndani ni kazi bure, bora kuikata na kuitoa yote. Badala yake mi napendelea madumu yaliyofungwa vizuri, dumu la lita 20 linakubebea karibu kilo 20 hata chumba kikijaa, na ukitaka kukagua unalitoa unalirudisha. Yafunge kwa kamba yasigongane, na yasikae mbele ya tundu la kutolea maji.