Madoa

Januari nilichora jedwali nyuma ya daftari la Uchumi. Safu saba za siku, mistari mitatu: kuamka saa kumi alfajiri nisome, kutoshika simu nikiwa mezani, kulala mapema. Nikikosa, doa jeusi. Wazo si langu. Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Marekani wa karne ya 18, alijiandikia tabia njema 13, kila moja akaipa wiki yake na kila kosa doa lake. Wiki 13 zikiisha anaanza upya. Mimi najijua, nikachukua tatu tu.

Wiki ya kwanza nilijisifu darasani. Kufika ya tatu, ukurasa ulikuwa kama umeugua surua.

Nikajiona mvivu. Nikasikiliza wale wa hamasa wanaofoka kwamba umaskini ni usingizi (sijui wao hulala saa ngapi), nikatega kengele tatu kwenye simu. Madoa yakazidi.

Aliyeona tatizo ni Mama. Alikuwa anatafuta pa kuandika deni la mteja, akaangukia jedwali.

"Hii ramani ya nini?"

Nikamweleza kwa aibu. Akapitisha kidole juu ya tarehe, polepole.

"Hapa palikuwa giza. Na hapa, giza. Huku mbalamwezi, ndiko hujakosea. Mwanangu, hujui unaishi wapi?"

Kwa msiotoka Kigoma: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, wavuvi wanapumzika. Giza likirudi, ziwa mbele ya mwalo wa Kibirizi linawaka kama mji, na alfajiri mitumbwi ikiingia Mama lazima awe mwaloni, na mimi nyuma yake. Dagaa hawangoji mtu. Wasipopata jua la siku hiyo, wanaharibika. Saa kumi niliyoiandikia "kusoma" nilikuwa na beseni kichwani.

Nikamrudia Franklin. Kumbe tabia iliyomshinda kuliko zote ni utaratibu, kila jambo kwa saa yake. Alikiri kwamba mwenye biashara yake hupokea watu kwa saa zao, si zake. Sikutegemea mtu wa Philadelphia amwelewe muuza dagaa.

Sasa nina majedwali mawili. La mbalamwezi lina meza na saa. La giza lina jambo moja tu: swali moja kila asubuhi, la kujibu kichwani wakati natandaza dagaa kwenye kichanja, bila daftari. Siku ya kwanza nilijiuliza kwa nini bei inapanda mwezi ukiwa mweupe. Rahisi, ugavi umepungua. Basi mkunjo wa mahitaji, ule mstari wa mchoro unaoonyesha watu hununua kiasi gani kwa kila bei, umehama? Nikasema ndiyo, kwa sauti, kisha mkono ukasimama. Haujahama! Wanunuzi ni walewale, wamepanda juu ya mkunjo uleule, wananunua kidogo. Ungehama kama nyama ingepanda bei watu wakakimbilia dagaa. Mwaka mzima nilikuwa napigia mstari ukurasa huo kwa wino mwekundu, na sikuwa nimeuelewa. Mama wa kichanja cha pili akaniuliza nagombana na nani.

Jana nimekuta doa kwenye Jumatano ambalo sikuliweka. Nimelinusa. Ni mafuta ya dagaa, upana wa kidole gumba cha Mama. Sijalihesabu.