Kompyuta Isiyolala: Siku Moja Katika Karakana Yangu, Dodoma

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua karakana na kufuta vumbi mezani, kazi isiyoisha msimu huu wa upepo. Mpima ardhi mmoja ameshafika na kompyuta mpakato yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux. "Fundi, naifunga hapa mjini betri imejaa, lakini nikifika Kongwa naikuta imezima na begi lina joto." Namjibu, "Niachie, dada, nitakupigia."

Saa 3:00. Wengi hukimbilia kulaumu betri. Mimi huanza na logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine. Amri ya journalctl -b -1 inaonyesha kwamba mashine ililala na kuamka, ikalala tena na kuamka tena, njia nzima. Faili ya /sys/power/mem_sleep, inayoonyesha aina ya usingizi inayotumika, nayo ina mabano ya mraba kwenye s2idle, yaani usingizi mwepesi unaoacha sehemu nyingi zikila umeme, ilhali deep, usingizi mzito, ipo na haitumiki. Naongeza mem_sleep_default=deep katika GRUB, programu inayoanzisha mfumo mashine ikiwashwa, naendesha update-grub na kuiwasha upya.

Saa 5:00. Bado inaamka. Pembeni mwa mashine kuna kipokezi kidogo cha kipanya kisichotumia waya, na kila nikibonyeza kipanya, skrini inawaka. Bila shaka ndivyo kilivyobanwa na makaratasi begini. Katika /proc/acpi/wakeup, orodha ya vifaa vinavyoweza kuiamsha mashine, naizuia XHC, kidhibiti cha USB, isiiamshe, na kwa kuwa badiliko hilo hupotea mashine ikiwashwa upya, naliandikia huduma ya systemd ili lirudiwe kila mashine inapowaka.

Saa 7:00 mchana. Ugali na mlenda.

Saa 8:00. Kwa safari ndefu inafaa hibanesheni, ambayo huandika yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, katika diski na kukata umeme kabisa. RAM ni GB 8, faili ya swapu, nafasi ya diski yanakoandikwa hayo, ni GB 2 tu; naiunda upya kwa GB 10, natafuta mahali inapoanzia kwa filefrag -v, kisha naandika resume na resume_offset katika GRUB ili mashine ikiwaka ijue pa kuyasoma. Kerneli, kiini cha mfumo, inakataa hibanesheni, kwa sababu Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoidhinishwa wakati wa kuwaka, imewashwa. Kuizima ni kupunguza ulinzi wa mashine ya mtu, hivyo nampigia mwenyewe kwanza; anakubali, naizima.

Saa 10:00 jioni. Nafungua ramani katika QGIS, programu ya ramani, naamuru systemctl hibernate, nachomoa chaja. Nikiiwasha, ramani inarudi palepale.

Saa 11:30. Anaichukua. Namwambia kwamba akiongeza RAM aniletee, kwani swapu nayo italazimika kuongezwa.