Bongo Fleva ya zamani na ya sasa, tusidanganyane

Leo kwenye daladala dereva kaweka ngoma ya zamani ya Juma Nature basi jamaa mmoja mtu mzima akaanza, muziki ulikufa na enzi za prodyuza P-Funk Majani, siku hizi amapiano ya Wasauzi tu na mistari miwili inarudiwa mpaka basi. Konda akamjibu, braza kwani nyie biti za hip hop mlizitoa Kigoma? 😂 Gari zima hoi.

Mi kwenye uandishi niko na yule jamaa, rapa Profesa Jay alikuwa anakupa stori nzima, sasa hivi ni kiitikio tu. Ila miksi za sasa ziko mbali aisee, na singeli je, ule muziki wa spidi kali? Hiyo hatujaiga kwa mtu, imetoka uswahilini Dar kabisa, na haohao wa "zamani" ndo wanaiita kelele.