Nimelijua jina lake leo
Jamani wiki nzima picha ya haka kaua iko kwenye simu yangu, nilikapiga nikipanda mlima Takao pale magharibi mwa Tokyo, zambarau iliyofifia, kamejificha chini ya miti, na nilikuwa nimeshajiaminisha ni ile vayoleti ya kawaida ya Japani wanayoiita sumire. Kumbe siyo! Sumire, yaani Viola mandshurica kwa jina la kisayansi, majani yake membamba marefu kama ncha ya mkuki na yanatokea chini kabisa, haina shina la juu, halafu zambarau yake imekolea. Hiki changu kina majani ya umbo la moyo na shina lenyewe linapanda, maua mengine yanachomoza humohumo kwenye shina.

Ikabidi leo nirudi tena mlimani na lenzi ndogo, nikapiga magoti kwenye majani makavu, nikaangalia pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina, pana vijani vidogo sana vimechanikachanika kama meno ya kitana. Basi hapo moyo ukatulia, ni vayoleti nyingine, tachitsubosumire, Viola grypoceras. Nikanusa pia, hakanukii kabisa, maana kuna ndugu yake, Viola obtusa, anayefanana naye sana ila yeye ananukia vizuri. Nimefurahi mno aisee