Makafi Matatu ya Kunduchi

Januari 2018, alfajiri, kaskazi haijaanza kuvuma, tulilaza makafi matatu ya kayaki kwenye mchanga wa Kunduchi. Yote yalichongwa kwa umbo la Greenland: bapa refu jembamba kila upande, mpini katikati. Kipimo chake hutoka mwilini. Urefu ni pima moja (mikono yote miwili ikinyooshwa) na dhiraa moja (kiwiko hadi ncha ya kidole) ya mpigaji mwenyewe; upana wa bapa ni ule ambao vidole vinaweza kuukumbatia, ukingo hadi ukingo. Kwangu ilitoka mita 2.2 kwa sentimita 8.5.

La mninga lilikuwa na kilo 1.5. Robo saa tu, vigasha vikawaka moto. Hilo tulilitarajia.

Yaliyonishangaza ni mawili ya paini. Kwenye mizani yote yalisoma kilo 1.1, lakini majini moja lilikwenda lenyewe na la pili lilinivuta bega kila nilipolinyanyua. Mzee mmoja aliyekuwa akikalafati dau alilishika lile lililonivuta bega, katikati, kwa mkono mmoja, akalizungusha huku na huku kama anayefungua kitasa.

“Mwanangu, uzito wa hili umekaa mbali na mikono. Punguza ncha.”

Tukapima. Ncha zake zilikuwa na unene wa milimita 20. Za mwenzake 9. Mwenzake alikuwa na mpini mnene zaidi, ndiyo maana mizani haikuona tofauti.

Tulipiga randa kuanzia theluthi ya mwisho ya bapa kwenda nchani, kisha tupa, kisha msasa namba 120. Paini ukiiranda kinyume cha nyuzi hunyofoka, hasa penye jicho, kwa hiyo hapo tuligeuza tukaja kutoka upande wa pili. Shingo, mpini unapokutana na bapa, hatukuigusa kabisa. Kafi hukatikia hapo. Maranda yote hayakuzidi gramu 100.

Bega likatulia. Bapa nalo likaanza kutikisika nilipolivuta likiwa wima. Hapo kosa lilikuwa la mkono: bapa jembamba hutaka kulazwa kidogo, ukingo wa juu utangulie mbele. Nikalilaza, likazama kimya.

Vanishi hatukupaka, maana ikilowa huteleza na viganja hutoka malengelenge. Tulipaka mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, kwa kitambaa. Mpini ulitosheka na mpako mmoja. Ncha, zenye nyuzi zilizokatwa wazi, zilinywa mara tatu.