Beseni la unga

Binti yangu kasimama mlangoni mwa jikoni. "Mama, naomba unga wa ngano. Tunaigiza Soweto." Kumbe Juni 16, siku ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, imefika tena. Unga wa nini? "Wa kuwapaka makaburu."

Nikaacha kumenya vitunguu.

Ni mwaka ule niliofundisha Tanga, wa kidato cha tatu B na kelele zao. Igizo lilikuwa wazo langu. Ubaoni nilishamaliza: 1948 makaburu wanashika serikali, 1976 wanafunzi wanakataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu, risasi. Ikabaki kugawa nafasi, na hapo huwa ni ugomvi, maana wote wanataka kuwa Hector Pieterson, yule aliyebebwa baada ya kupigwa risasi. Bunduki haina mwenyewe.

Darasani tulikuwa na Mhindi mmoja, kijana wa dawati la dirishani, mwenye Kiswahili cha Tanga safi kuliko mimi niliyetoka bara. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba niwe Hector."

Hector gani mweupe! Wakampa mpini wa ufagio awe askari. Mimi kimya.

Makaburu wakapanga foleni. Msichana mmoja alishika beseni la plastiki la bluu, akiwapaka nyuso mmoja mmoja, unga unawaingia puani, wanapiga chafya. Alipomfikia yule kijana akamruka. "Wewe huna haja." Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kicheko kifupi, nakisikia mpaka leo. Kijana akalaza mpini sakafuni, akachovya viganja vyote viwili kwenye beseni, akajipaka polepole: paji la uso, nyusi, mashavu, hadi nyuma ya masikio, kama mtu anayetayamamu. Halafu akatazama. Hakulitazama darasa, alinitazama mimi.

Igizo likapigiwa makofi, mkuu wa shule akanipa mkono. Basi.

Yalikuwapo ya kusema. Kwamba hata Durban, huko huko Afrika Kusini, Mhindi alitengewa shule yake na ufukwe wake, wa Mzungu hausogelei. Kwamba darasa lile lile tulilosimama lilijengwa kwa ajili ya watoto wa Kihindi, na kabla ya 1962, zilipofutwa shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, waliokuwa wakicheka pale wasingepita hata getini. Hilo la pili lingekuwa zito kulitamka mbele yake, labda ndiyo maana nilinyamaza. Hapana, nisijipambe. Halikunijia kabisa.

Siku hizi walimu wa mazoezi huniomba andalio la somo la ubaguzi wa rangi. Nawapa. Tarehe zote zimo. Beseni halimo, sijui ningeliandika safu gani, ya zana au ya tathmini.

"Na wewe umepewa nafasi gani?" nikamwuliza binti.

"Bado. Mwalimu kasema makaburu watakuwa wale weupe weupe." Akaugeuza mkono wake chini ya taa. "Mama, mimi ni mweupe?"

Nikampimia vikombe viwili.