Jinsi nilivyoinyoosha pama ya babu

Alhamdulillahi, imenyooka. Ni Borsalino nyeusi, kofia ya Kiitaliano ya manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa, utepe wake umepauka ukawa rangi ya chai. Masika yalipoingia hapa Mkomani ilifanya koga, na ukingo ukawa mawimbi matupu.

Kwanza niliianika juani. Ngozi ya ndani, ile inayogusa paji la uso, ikakauka kama ng'onda, na kofia ikanibana. Nikajaribu pasi: ikaacha alama inayong'aa ambayo ipo mpaka leo. Msithubutu.

Kilichofaa ni mvuke wa birika. Koga niliipangusa kwanza barazani kwa brashi laini, nikifuata manyoya yanakolala. Kisha nikaushika ukingo juu ya mdomo wa birika, kama shubiri moja hivi, sekunde chache tu mpaka ukalegea, nikaukanda kwa vidole. Mara mbili nilifanya hivyo, na mara mbili asubuhi niliukuta umepinda tena!

Kumbe kosa lilikuwa mezani. Nilikuwa naiacha kofia ikalie ukingo wake, uzito wote ukiulemea ungali na unyevu. Mara ya tatu niliivuta ile ngozi ya ndani, taratibu maana ilikuwa ngumu, ikachomoza chini pande zote. Nikaisimamisha kofia juu ya ngozi hiyo, ukingo ukabaki hewani. Usiku kucha, dirisha wazi. Asubuhi nikapitisha kidole chini ya ukingo, nikauzunguka wote. Sawasawa.